Tulifagia Hata Majivu

Mimi sikwenda shule. Haya nayasema kwa mdomo. Anayeandika ni mtoto wa kaka yangu, mwanamke mzima mwenye nyumba yake ya tofali hapa Ifakara, na nimemkataza kunirekebisha. Kila mara ananiuliza, "Shangazi, na hili niliandike?" kwa sauti ya mtu anayepuliza uji wa moto. Andika. Na hiyo ya uji andika.

Tangu mdogo, mtu akisema mbele yangu mara moja tu, sauti yake nimeshaichukua. Padri ninaye. Mganga wa zahanati ninaye, pamoja na kikohozi chake. Mzee wa duka la nyavu, yule ambaye babu yake alitoka pwani, ninaye mpaka anavyoguna ukimwomba apunguze bei. Wengine wanacheka, wengine wananuna. Kwenye misiba wananikalisha nyuma kabisa, maana niliwahi kumwigiza marehemu akiomba maji, mjane akainuka kwenda kuyaleta. Mtu mmoja tu sijawahi kumpata, kaka yangu. Anasema maneno machache, tena ya taratibu, hayana pa kushika. Nimejaribu tangu tukiwa watoto. Hakuna.

Sisi ni Wandamba, watu wa maji. Wakati wa masika tunakaa kijijini, kwenye nyumba za udongo. Maji yakishuka mbugani tunayafuata. Tunapakia nyavu, sufuria, kuku na watoto, tunakwenda kupiga kambi palepale tulipopiga mwaka jana na mwaka juzi. Kambi yetu ilikuwa kwenye ukingo wa mto, mahali ambapo mama yangu alizaliwa, kwenye kibanda cha matete, mvua ya vuli ikimmwagikia. Vibanda vilikuwa tisa. Tunajenga chanja za kukaushia samaki, kambale na perege, na moshi unakaa kwenye nguo mpaka Krismasi. Maji yakirudi tunabomoa, tunaondoka.

Sasa sikiliza habari ya mafiga, maana bila hiyo hutanielewa. Mbugani hakuna mawe. Ni udongo mweusi tu, chimba mpaka uchoke. Mafiga yanatoka mlimani, mbali, na ukishayapata huyaachi. Yetu matatu aliyaleta mama alipoolewa. Kaka yangu alifiwa na mke, mimi nikafiwa na mume, tukarudi kupika moto mmoja kama tulivyoanza. Yale mafiga yanasafiri katikati ya mtumbwi, chini ya miguu ya mwanamke mkubwa kuliko wote. Hayaachwi kambini. Mafiga yanaachwa pale tu ambapo watu wote wa nyumba ile wamekufa. Hapo yanabaki, hakuna wa kuyagusa. Nikiwa msichana niliyaona hivyo mara moja, mawe matatu kwenye majani marefu, meusi. Mama alinishika kichwa akanigeuza uso nitazame mto.

Na kabla ya kuondoka, mahali panafagiliwa. Majivu tunayamwaga mtoni, mashimo ya nguzo tunayafukia, matete tunayafunga mizigo mizigo tunayavusha ng'ambo. Ukiacha pachafu, mwakani mahali patakukataa. Ndivyo tulivyokuta wakubwa wakifanya, nasi tukafanya.

Halafu ukaja mpaka mpya wa hifadhi. Walianza kuondolewa wafugaji. Tuliambiwa ni wavamizi, ng'ombe wao wanakanyaga mazalia ya samaki, nasi tukapiga makofi. Nisiseme wengine, mimi nilipiga makofi. Kulikuwa na mama mmoja wa Kisukuma aliyekuwa akituletea maziwa kambini kwenye kibuyu. "Mwadila, mayu," ananisalimia, anainama na kibuyu chake, anamimina tu, hapimi. Siku walipofukuzwa nilimwona anapita na kitanda kichwani na mtoto mgongoni, nyuma ya ng'ombe. Wiki hiyo hiyo, kwenye gulio la Namawala, nikamwigiza. Kitanda, mwendo, "mwadila, mayu." Watu walikaa chini kwa kucheka. Maziwa yake nilikuwa bado nayakumbuka mdomoni.

Baadaye mpaka ukatufikia sisi.

Ikasemwa kutakuwa na semina Ifakara, ya haki za watu wa asili, wale wanaoishi kwa ardhi na maji ya mababu zao. Shirika moja limeiandaa, wageni watatoka hata Ulaya. Na baada ya semina tume ndogo itakwenda kutazama kambi yetu. Ikionekana ni makazi ya watu tangu zamani, itaachwa nje ya mpaka. Isipoonekana, basi, hakuna kurudi. Kaka yangu alikuwa ndiye mwenyekiti wa kambi. Alipiga pasi shati lake jeupe mwenyewe, hakutaka nimguse.

Ukumbini alianza kusema mtu wa mipaka. Cheo chake kirefu, sikukishika, mimi nilimwita Bwana Mipaka na jina likamganda. Mrefu, shingo ndefu, kila baada ya maneno matatu anameza mate kama kuku anayemeza maji. Akasema, "Ndugu zangu wavuvi. Ukweli usemwe. Kambi zenu ni chafu. Majivu, magamba, mifuko ya plastiki, vibanda vya ovyo ovyo. Mtu anayetunza mbuga haishi hivyo."

Iliniuma. Mifuko ya plastiki siyo yetu, inaletwa na maji. Sisi tunafagia! Nikamtazama kaka, yeye anamtazama Bwana Mipaka tu, mikono juu ya magoti.

Akafuata mgeni. Mama wa makamo, mfupi, sketi ndefu, miguu imevimba kama yangu, amevua viatu chini ya meza akidhani hatumwoni. Anasema kwa lugha yao, na binti mmoja wa Morogoro anatafsiri, sauti ya kutangaza chanjo kwenye spika. "Mgeni anasema. Yeye ni wa watu wanaoitwa Waroma." Wanawake wa Kikatoliki wote tukakaa sawa, labda kamwona Baba Mtakatifu. Binti akasema hapana, siyo Roma ile. Hawa ni watu walioko nchi nyingi za Ulaya, zamani walikuwa wakisafiri na farasi na mikokoteni, wanaziba sufuria za watu, wanauza farasi, wanapiga muziki kwenye harusi. Kila wanapofika wanapewa siku moja waondoke. Siku hizi wengi wanakaa kwenye nyumba, lakini nyumba zenyewe ziko jirani na jalala, na hata hapo tingatinga linawafuata.

Mgeni akasema, "Nilipokuwa mtoto, tukisikia watu wa serikali wanakuja, mama yangu alikuwa anatuogesha mpaka ngozi inawaka. Anasugua sakafu kwa magoti. Alitaka wasipate la kusema. Wakija, wanaandika hivyo hivyo kwamba ni wachafu."

Kaka yangu akasimama, akauliza, "Shikamoo mama. Nchi yenu hasa iko wapi?"

Mgeni alicheka kidogo, siyo kicheko cha furaha. "Wakishatuuliza hivyo, kinachofuata ni kutufukuza."

"Samahani," kaka akasema.

"Hapana, wewe umeuliza kwa shikamoo."

Bwana Mipaka akameza mate. "Lakini kwa heshima, mama. Hapa Tanzania sote ni wa asili. Sasa wa asili hasa ni nani?"

Yule mama akafikiri, akajibu taratibu, binti naye akaisahau sauti ya chanjo, akatafsiri kama mtu. "Mimi sijui. Kwenye mikutano hii wananipa kiti cha pembeni, maana hata mimi siitwi wa asili popote. Hawa wa hapa mnawaambia wanatoka hapa lakini hawakukaa. Sisi tunaambiwa tulikaa lakini hatutoki pale. Naona anayeondoka ni yuleyule."

Tukaenda kunywa chai. Ndipo palipo na jambo langu.

Nyuma ya ukumbi mama lishe walikuwa wanapika wali wa mchana. Mimi na wanawake watano wa kambi yetu tulikwenda kuwasalimia na kuota moto kidogo, maana ndani feni ilikuwa inatupiga. Mmoja akaniambia, "Wewe, yule mwenye shingo hujamchukua tu?" Nikamwambia shika kikombe changu. Nikajifunga khanga shingoni iwe tai. "Ndugu zangu wavuvi!" Nikameza mate. "Ukweli usemwe! Kambi zenu ni chafu!" Nikameza tena. Mama lishe mmoja akamwaga mchuzi. Wakaniambia rudia, nikarudia. Nikaongeza yangu: Bwana Mipaka anakagua chungu, Bwana Mipaka anakanyaga kambale. Kengele ya kurudi ndani ikalia, tukaisikia. Nikasema, "Atatuambia nini kingine? Kashatuita wachafu." Wakacheka, tukabaki.

Ndani, wakati huo, Bwana Mipaka alikuwa anaeleza tume itatazama nini. Kaka alikuwamo. Alidhani na mimi nimo, nyuma, mahali pangu pa misibani.

Siku ya tume ilipokaribia, kaka alikwenda Malinyi kuwaleta wazee wawili waliovua na baba yetu, waje wawe mashahidi. Akanifuata nikiwa napasua samaki. Akasema, "Alhamisi wageni wanakuja. Nitakuwa nimerudi. Nikichelewa, wapokee."

"Nenda," nikamwambia. "Nitawapokea mpaka washangae."

Mungu anisamehe, ndilo neno nililosema.

Ilikuwa mwisho wa msimu, maji yamebakiza kama siku kumi. Jumatano nikawaita wanawake. Nikasema: wanakuja watu waliotuita wachafu mbele ya mama wa Ulaya. Nikawatolea na sauti, wakapandwa na hasira na kicheko pamoja. Hakuna aliyekaa. Tulianza na chanja. Chanja zina weusi wa moshi na magamba, zikaenda. Vibanda navyo, "vya ovyo ovyo," tukavibomoa, matete tukayafunga vizuri na ukindu, tukayavusha. Mashimo ya nguzo tukafukia, tukakanyaga kwa miguu, tukanyunyiza maji, tukakanyaga tena. Majivu yote mtoni. Kulikuwa na mahali ambapo moto wetu ulikuwa umeunguza udongo ukawa mwekundu, wa miaka mingi, kama kidonda kilichopona. Nikachukua jembe nikaukwangua mwenyewe, nikafunika na udongo mweusi. Wanaume, ambao semina hawakwenda, walikuwa majini, walirudi jioni wakakuta kambi imepakiwa kwenye mitumbwi. Walinung'unika kulala vile, lakini mmoja akasema, "Pamependeza." Mafiga niliyaweka katikati ya mtumbwi wetu, mahali pake.

Asubuhi pale palikuwa kama uwanja wa kanisa siku ya ekaristi. Tulifagia kwa mistari. Tukavaa khanga safi, tukajipanga kando ya mto.

Tume ikaja na mitumbwi miwili. Bwana Mipaka, karani wake mwenye fomu, mgeni na binti wa tafsiri. Bwana Mipaka akashuka, akatazama kushoto, akatazama kulia. Nilimwona anameza mate na nikajiziba mdomo nisicheke.

"Kambi iko wapi?" akauliza.

"Hii hapa, baba," nikasema. "Karibuni."

"Iko wapi?"

"Umesimama juu yake."

Akatembea. Hatua zake ndizo zilizokuwa uchafu wa kwanza pale. Karani akauliza, "Niandike nini, mkuu?" Naye akasema, "Subiri." Akachokonoa ardhi kwa fimbo. Akasema, siyo kwa ubaya, nataka liandikwe, hakusema kwa ubaya, "Akina mama, niliwaeleza. Semina nzima niliwaeleza."

Hapo nikaikumbuka ile kengele.

Yule mama wa Kiroma alitutazama sisi, khanga zetu safi, akatazama mistari ya ufagio, na uso wake ukabadilika. Akapiga magoti. Akaanza kuchimba kwa kucha. Hapa, akasogea, na hapa. Binti anamwambia inuka mama, yeye anachimba. Anatafuta majivu. Nikapiga magoti na mimi, nikamshika mkono nikampeleka pale nilipokwangua. Tukachimba wote wawili kama kuku. Udongo mwekundu ulitoka kidogo, kipande kama ukucha. Bwana Mipaka akainama, akakitazama.

"Mama, hii inaweza kuwa kichuguu kilichoungua."

Nikakimbia kwenye mtumbwi. Nikanyanyua figa moja, zito, jeusi, nikalibeba kifuani kwenye khanga safi. "Haya hapa mafiga! Ya mama yangu! Mbugani hakuna mawe, haya yametoka wapi?"

"Mama," akasema, "yakiwa mtumbwini ni mizigo."

Kaka akafika wakati huo, na wazee wawili wa Malinyi, wamechafuka vumbi la pikipiki. Alisimama juu ya ukingo. Nimemwona kaka yangu siku aliyofiwa na mke, na siku mto ulipomchukua mtoto wake wa kwanza. Sikuwahi kumwona uso ule. Akaniuliza polepole, "Vibanda viko wapi?"

"Tumefagia," nikasema.

Wazee wakasema yao. Walisema vizuri, wakataja nani alizaliwa pale, nani aliumwa na mamba pale, mti gani ulikuwepo. Bwana Mipaka akasikiliza mpaka mwisho, kofia mkononi. Akajibu, "Wazee wangu, maneno nimeyasikia. Lakini fomu inauliza kilichoonekana." Halafu karani, kijana wa kusema tu, akasema, "Yale mazizi ya wafugaji kule tulikopita, bado yanaonekana. Samadi imelala mpaka leo." Hao ndio walioitwa wavamizi. Alama zao zilikuwepo, zikaandikwa kwenye hesabu ya uharibifu. Zetu hazikuwepo, ikaandikwa hatukuwepo.

Walipokuwa wanaondoka, mgeni alinishika mkono, mikono yetu yote michafu. Akasema kitu. Binti akachelewa kutafsiri, akafuta pua kwanza. "Anasema, mama yake angefagia hivyo hivyo."

Barua ilikuja baada ya masika. Huyu anayeandika ndiye aliyetusomea, kwenye uwanja wake huu, tulikokuwa tumehamia. Soma, nikamwambia, na akasoma kwa ile sauti ya kupuliza uji. Eneo lililotajwa limeonekana halina dalili za makazi ya kudumu wala ya msimu. Litabaki ndani ya mpaka. Kaka akauliza, "Imeisha?" Akamwambia, "Imeisha, baba." Akaiomba barua, hajui kusoma yeye naye, akaikunja akaiweka kwenye mfuko wa shati.

Hakunisema. Hata siku moja. Nilikuwa nangoja anigombeze, nimeshajiandalia na maneno ya kujibu, hakunipa nafasi. Alikuwa anakaa pale kwenye ngazi ya mlango anashona nyavu ambazo haziendi popote.

Kiangazi kilipoingia, wakati ambao tungekuwa tunapakia, asubuhi moja nikaamka kuchemsha chai, mafiga hayapo. Nikadhani mwizi, nikajicheka, mwizi gani wa mawe? Kaka naye hayupo. Siku ya tatu akarudi kwa miguu, bila mtumbwi, nyayo zimepasuka, suruali imelowa mpaka kiunoni.

"Mtumbwi?" nikamuuliza.

"Askari wa pori wanao."

"Na mafiga?"

"Nimeyapanga," akasema. "Pale pale. Nimewasha moto, nimeuacha ukazima wenyewe. Sijafagia."

"Umeyaacha?"

"Nimeyaacha. Watakaopita waone kulikuwa na watu."

Niliketi chini. Siyo kwamba nilikumbuka ule mkono wa mama kwenye kichwa changu, huo haujaniondoka. Ni kwamba alijua anachofanya. Mafiga yanaachwa na nyumba iliyokwisha. Alikuwa ametutangaza, yeye na mimi, na moto wa mama yetu.

Habari zilifika kijijini. Jumapili yake wakaja watu wa kambi, wanawake walewale watano mbele, wamejifunga khanga viunoni, wamebeba unga na kuni. Walitandika mikeka hapa uwanjani wakakaa. "Poleni," wanasema. "Poleni kwa yaliyowakuta." Jirani wa hapa mjini, Mpogoro mmoja mpenda habari, akachungulia juu ya ukuta. "Jamani, kafariki nani?" Kaka alikuwa ameketi kwenye ngazi anapokea pole, mzima. Mwanamke mmoja akaninong'oneza, "Dada, hebu tutolee hata padri, watu wacheke kidogo." Padri hakutoka. Mganga naye hakutoka, hata kikohozi.

Sasa hili la mwisho, mwanangu, weka kalamu vizuri.

Wote walidhani ukumbi ulijaa, sauti haikutufikia nyuma. Kaka alidhani hivyo. Nami nikamwacha adhani, mwaka mzima na zaidi. Wale watano hawakusema, maana walikuwa na mimi. Wiki iliyopita, mchana, tunapukuchua mahindi, nikamwambia. Nikamwambia nilikuwa nje, kwenye jiko la mama lishe. Kwamba kengele niliisikia.

Aliendelea kupukuchua. Gunzi likaisha, akachukua jingine.

"Mlikuwa mnafanya nini?"

"Nilikuwa namwigiza."

"Nani?"

"Bwana Mipaka."

Halafu akasema, "Hebu mwigize nisikie."

Nikamwambia kaka, acha. Akasema, "Mwigize." Nikanyoosha shingo. Ilitoka vizuri, ndiyo ubaya wake, ilitoka kama siku ile. "Ndugu zangu wavuvi. Ukweli usemwe. Kambi zenu ni chafu." Nikameza mate. Nikaishia hapo, maana mbele yake sina, mbele yake sikuwepo.

Kaka aliweka gunzi chini. Akanyoosha shingo yake ile fupi. Kaka yangu, ambaye hajawahi kumwigiza hata mbuzi. Akameza mate, vibaya, karibu akohoe. Na kwa sauti ambayo haikuwa ya Bwana Mipaka wala haikuwa yake, akasema: "Kwa hiyo msiondoe kitu. Mkiwa mmekaa pale, tutayaona majivu. Tutaona nguzo. Tutaona chanja. Tutaona mafiga. Acheni kila kitu kama kilivyo, hata kikiwa kichafu."

Neno kwa neno alikuwa nalo. Alikuwa amelibeba muda wote huo.

Akatazama kama nimesikia. Nikatikisa kichwa kwamba nimesikia. Akaniuliza kama bado kuna chai, nikaenda jikoni, kwenye jiko la mkaa la huyu mtoto, nikaipasha.